Nyota Kwenye Mstari wa Kazungu

Mwezi uliopita nilikwenda Rabai kumzika Kazungu, nikarudi na hasira. Si ile hasira ya msiba, hiyo naijua, huja na kwenda. Hii ilitokana na neno moja. Mpwa wake, mtu mzima mwenye sauti nzuri, alisimama chini ya turubai kutusomea maisha ya marehemu, akafika mahali akasema kwamba mjomba wake katika ujana wake aliwahi kujaribu kompyuta kule Mombasa, zikamshinda, akaingia kwenye biashara ya ndizi ambako Mungu alikuwa amempangia riziki yake. Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha adabu cha matangani. Mimi nilikuwa safu ya tatu, kikombe cha chai mkononi. Zikamshinda! Nilitaka kuinuka niseme, lakini pale nilikuwa mwanamke mgeni wa kutoka Mji wa Kale, aliyevaa buibui, ambaye hakuna aliyejua amemfuata nani, na goti langu la kulia siku hizi halinyanyuki bila mtu kunishika mkono. Nikanywa chai. Kwa hiyo naandika hapa niliyopaswa kuyasema pale, na ambayo, tukitaka kweli tupu, nilipaswa kuyasema huko miaka ya tisini, siku nilipoulizwa.

Ya nyumbani kwetu sitayaeleza, hayana kosa katika jambo hili. Nianzie ofisini. Ilikuwa ghorofa ya kwanza ya nyumba ya zamani nyuma kidogo ya barabara ya Ndia Kuu, unapanda ngazi za mawe zilizolika katikati kwa nyayo za watu. Vyumba vilikuwa viwili. Cha mbele tulikiita sebule, na humo alikaa Mwalimu Twahir, mwenye ofisi, pamoja na kompyuta yake yenye skrini ya rangi. Cha ndani, kisicho na dirisha ila moja la kutazama uchochoro, tulikaa mimi na Kazungu na kompyuta ya pili, ya herufi za kijani. Mwalimu alikuwa amesomesha hesabu shule ya upili miaka mingi kabla ya kustaafu, na bado akikusemesha alikuwa kana kwamba ameshika chaki. Kazungu alikuwa na miaka ishirini na minne. Alikuwa mpole, Mkristo, mwenye shati moja jeupe la kazi alilolifua kila jioni, na Paskali, lugha ya kuandikia programu, alijifundisha mwenyewe kwa kitabu kisicho na jalada wala kurasa za mwisho, hata mambo yaliyokuwa katika kurasa zile ilibidi ayavumbue. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha kozi ya miezi sita, na kiburi kilichonizidi umri.

Uchochoro ule ulikuwa mwembamba mno, hata jirani yetu wa ng'ambo, Bi Rehema, alikuwa akitupitishia bakuli la mbaazi dirisha kwa dirisha, juu ya vichwa vya wapita njia. Kila saa nne asubuhi lilikuja bakuli na mahamri yaliyofunikwa kitambaa, na pamoja na bakuli zilikuja habari. Bi Rehema alikuwa akiozesha binti yake mwaka huo, na kila siku tulisikia kutoka jikoni kwake ugomvi wa yeye na dada yake kuhusu nani aalikwe na nani asialikwe. Kazungu alizifuata habari zile kuliko mimi. Akimega hamri alininong'oneza, "Leo yule wifi wa Malindi amerudishwa kwenye orodha." Tulikula huku tukicheka, mikono mbali na kibodi kwa amri ya Mwalimu. Nikiukumbuka mwaka ule vizuri, ni saa nne hizo nazikumbuka. Zilizobaki zilikuwa za kukereka.

Kazi iliyotukera ilikuwa ya zahanati moja ya kina mama hapo kisiwani. Walikuwa na makadi ya watoto waliozaliwa pale tangu zamani, maelfu kwa maelfu, ndani ya masanduku ya bati, na mzazi akija kutafuta karatasi ya mwanawe ili akaandikishe shule, mtunza makadi Bi Zuhura alishuka chini kuitafuta. Mwalimu aliwaahidi kwamba kompyuta itaitoa kadi kabla Bi Zuhura hajavaa viatu. Kazi tukaigawana. Kazungu aliandika sehemu ya kutafuta jina. Mimi niliandika sehemu ya tarehe, kwa sababu akina mama walitaka kadi ionyeshe na tarehe ya Kiislamu, na ukisema tarehe ya Kiislamu umeingia kwenye jambo la magharibi. Mtoto aliyezaliwa Alhamisi baada ya jua kuzama huyo ni wa Ijumaa, na mama yake hatakubali umwandikie vingine. Basi mimi, kwa kiburi kile nilichokitaja, sikutaka kubahatisha. Niliandika hesabu kamili ya kujua jua la Mombasa limezama saa ngapi na dakika ngapi siku hiyohiyo ya kuzaliwa, hesabu yenye pembe na desimali ndefundefu, na nilijipongeza sana. Wala hakuna aliyeniambia kwamba magharibi ya Mombasa husogea nusu saa hivi tu kwa mwaka mzima na ningeweza kuiandika kwenye jedwali dogo nikaenda zangu.

Siku tuliyoipeleka zahanati kwa majaribio naomba isinirudie hata ndotoni. Alikuwapo daktari mkuu, wauguzi wawili, Mwalimu na kofia yake mpya ya kushonwa kwa mkono, na sisi wawili nyuma. Muuguzi akaandika jina la mtoto. Tukangoja. Mashine ikawa inanguruma ndani kwa ndani, mshale umesimama. Mwalimu akasema, "Inatafuta." Tukangoja tena. Bi Zuhura, ambaye hakuna aliyemwomba, akashuka chini, tukasikia bati linafunguliwa, akapanda, akaiweka kadi juu ya kibodi, akakaa kwenye kiti chake akaendelea kumenya chungwa. Skrini ilikuwa bado tupu. Daktari hakusema neno baya, alisema tu kwamba anatungoja mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo masanduku yatabaki na mashine itarudi. Njiani Mwalimu alitembea mbele yetu hatua kumi, na tulipopita mbele ya Ngome hakumwitikia hata mtu mmoja aliyemsalimu.

Hapo ndipo ilipoletwa profaila. Kwa asiyeijua, hiyo ni programu inayoitazama programu nyingine ikifanya kazi, halafu ikakwambia muda umepotelea wapi. Mwalimu aliagiza disketi zake kutoka Nairobi, tukaiweka kwenye mashine ya chumba cha ndani. Unaiendesha programu yako chini yake, na ukimaliza inakufungulia dirisha lililogawanywa mara mbili. Juu ni maneno yako mwenyewe, ile Paskali uliyoiandika, mstari kwa mstari, na kando ya kila mstari nyota kwa kadiri ya muda ulioliwa hapo. Chini ni asembli, yale maagizo mafupimafupi ambayo mashine huyafuata hasa, saba au manane kwa kila mstari wako mmoja. Ya juu ndiyo uliyokusudia na ya chini ndiyo yaliyofanywa. Mimi na Kazungu tulijifundisha kuyasoma ya chini kwa wiki mbili za kuumwa na macho, na jambo la kwanza tulilolitambua ni desimali. Kompyuta zetu zile hazikuwa na kifaa cha kupigia hesabu za desimali, kwa hiyo kila desimali moja ilizungushwa njia ndefu, na katika asembli ilijitangaza kwa mwito uleule, INT na namba yake, INT na namba yake. Hata aliyesinzia angeuona.

Lakini kulikuwa na ugonjwa mwingine, na huo ndio ulitutia wazimu. Sheria ya Mwalimu ilikuwa kwamba maandishi ya programu hayaandikwi popote ila kwenye mashine yake ya sebuleni, ili isizuke nakala ya huyu na nakala ya yule. Ukimaliza kuandika unayatia kwenye disketi, unayapeleka chumba cha ndani, unayajenga yawe programu kwenye mashine ya huko, ambayo ilikuwa dhaifu sawasawa na ile ya zahanati. Sasa, tulichokiandika asubuhi kilikubali. Tulichokiandika mchana hakikubali. Unabadilisha mstari, unaupeleka, unajenga, unaendesha, programu inafanya kama hukugusa kitu. Unarudi sebuleni, unatazama, mabadiliko yako yako palepale. Unapeleka tena. Hola. Halafu kesho yake asubuhi unayahifadhi upya yaleyale, hukubadilisha lolote, na kitu kimekubali chenyewe! Nilipiga meza siku moja mpaka kidole kikavimba. Ilikuwa Machi, joto la kukufanya umchukie kila mtu, na Mwalimu akakata shauri kwamba mashine inachoka na jua. Akanunua feni, akaielekeza kwenye kompyuta, sisi tukabaki tunatoka jasho kando yake. Kazungu peke yake hakuliamini jambo la joto. Alisema, "Joto haliwezi kuchagua, dada Rukiya. Lingeharibu na vingine." Nikamwambia asiwe mbishi.

Jumanne moja, siku tisa kabla ya mwisho wa mwezi, tulijenga programu mapema asubuhi. Baada ya chai Mwalimu aliketi sebuleni akasema haiwezekani kazi iende kwa watu bila ya utangulizi. Juu kabisa ya maandishi akaandika Bismillahi, jina la ofisi, maelezo ya programu na dua fupi ya watoto, mistari kumi na miwili kwa jumla. Akanipa disketi. Nikaipeleka ndani, nikajenga, nikawasha profaila, na Mwalimu akaja kusimama nyuma ya kiti changu, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Dirisha likafunguka. Nyota zilikuwa zimejaa mstari mmoja mpaka mwisho wa skrini, zaidi ya asilimia tisini ya muda wote, na mstari wenyewe ulikuwa katikati ya sehemu ya kutafuta jina.

"Kazungu," Mwalimu akaita. "Ndoo uone. Hini nini?"

Kazungu akaja, akainama, akasoma. Alisoma juu, kisha akasoma chini, na nilimwona midomo ikienda.

"Mwalimu, mstari huu walinganisha herufi tu," akasema. "Herufi na herufi."

"Nauona. Na nyota naziona."

"Lakini tazama hapa chini yake. Hizi ni desimali. Moja, mbili, tatu, zimejaa. Mimi sijaandika desimali hata moja humu."

"Mashine haina sababu ya kukusingizia, kijana."

"Sisemi yanisingizia. Nasema haya ya juu na haya ya chini si ya mtu mmoja."

Ng'ambo, Bi Rehema alikuwa anatwanga kitu, na mchi ukawa unaenda mle chumbani kama tulikuwa nao. Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanzu, akaivaa tena. Asembli hakuwa akiisoma, na hakupenda kusimama mbele ya kitu asichokisoma. "Rukiya," akasema bila ya kunitazama, kidole juu ya asembli ya chini, "wewe hayo ya tini wayajua kuniliko. Waonaje?"

Nilikuwa nimeshaona. Nataka lieleweke hilo. Kabla Kazungu hajanyoosha kidole nilikuwa nimeziona INT zile zimepangana, na ofisi nzima aliyekuwa ameandika desimali ni mmoja. Niliyatambua mpaka mapigo yake, zidisha, gawanya, pembe, ni hesabu yangu ya magharibi toka mwanzo hadi mwisho. Sikujua imefikaje chini ya mstari wa Kazungu, hilo kweli sikulijua. Lakini ya nani nilijua.

"Sijui, Mwalimu," nikasema.

Kwa miaka nimewaambia watu, na mwenyewe nikaamini, kwamba nilinyamaza kwa sababu ya adabu, kwamba msichana wa Mji wa Kale hambishii mtu mzima mbele ya watu. Upuuzi. Mwalimu hakuniambia ninyamaze, aliniomba nimsaidie kuona. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeipenda sehemu yangu ile ya tarehe, nilikuwa nimesifiwa kwayo, na palikuwa na mtu mwingine ambaye nyota zimemwangukia bila mimi kumsukuma.

Mwalimu hakupiga kelele. Alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya zaidi, "Basi, Kazungu, umechoka. Nenda nyumbani kapumzike. Nikikuhitaji ntakuita." Kila mtu anajua maneno hayo yana maana gani. Kazungu akasimama kidogo, kama anayengoja mtu wa tatu azungumze. Kisha akachukua kile kitabu kisicho na jalada, kalamu na kitana chake, akasema, "Kwaheri, Mwalimu. Kwaheri, dada," akashuka ngazi. Saa nne ya kesho yake Bi Rehema alipopitisha bakuli aliuliza, "Na mwenzenu?" Nikamjibu kwamba anaumwa.

Na kesho yake hiyo ndiyo ningali na ghadhabu nayo. Asubuhi nilipeleka ndani maandishi ambayo Mwalimu alikuwa ametia mkono wake kidogo kwenye sehemu ya Kazungu, nikajenga, nikawasha profaila peke yangu. Nyota zilikuwa zimehama. Zilikuwa zimekaa juu ya mstari wangu, mstari wa magharibi, na chini yake desimali zilezile, na safari hii ya juu na ya chini yalikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa wazi kuliko jua la saa sita. Kila kadi iliyofunguliwa katika kutafuta jina, hata isiyo na haja, ilikuwa inapigiwa hesabu nzima ya kuzama kwa jua. Maelfu ya magharibi kwa ajili ya mtoto mmoja. Nilichopaswa kufanya ni kwenda hatua sita mpaka sebuleni nikaseme. Nilichofanya ni kungoja Mwalimu aende kuswali adhuhuri, nikakaa kwenye mashine yake, nikaiondoa ile hesabu pale, nikatia jedwali dogo. Nikapeleka ndani, nikajenga, hola, hakuna kilichobadilika, mchana tena! Nililia kwa hasira mbele ya ile feni. Alhamisi asubuhi nikahifadhi upya maandishi yaleyale, nikajenga, ikakubali yenyewe. Jina liliandikwa, kadi ikatoka kabla sijauondoa mkono kwenye kibodi.

Mwalimu akafurahi kupita kiasi. Alidhani ni yale marekebisho yake kwenye sehemu ya Kazungu. "N'lisema," akawa anarudia, "n'lisema ni pale." Zahanati wakaipokea, daktari akatushika mikono, hata Bi Zuhura alisema si haba. Mke wa Mwalimu alitupikia pilau, tukala ofisini, sahani tatu zimepakuliwa kwa mazoea, na Mwalimu akaitazama ile ya tatu akasema nimpelekee Bi Rehema. Nilikula pilau ile. Sikuacha hata punje.

Lile fumbo la mchana lilifumbuka baada ya wiki nne, na halikufumbuliwa na akili yangu. Mwalimu alikwenda Lamu kwenye harusi ya jamaa yake, nikabaki na ofisi peke yangu kwa juma zima. Mashine yake ya sebuleni ilikuwa imekufa betri ya ndani, kwa hiyo kila asubuhi ukiiwasha ilikuuliza saa ngapi. Nami nikatazama saa yangu ya mkononi, ambayo kaka alinipa ikiwa na saa ya Kizungu nami sikuibadilisha, nikaiandikia nane na robo. Juma lile kila nilichokiandika kilikubali, asubuhi, mchana, alasiri. Feni ilikuwa imeungua, joto lilikuwa lilelile, na kila kitu kinakubali. Nikasema labda mashine zimepona. Mwalimu akarudi Jumatatu, akanipa salamu za watu wa Lamu na halua, akakaa, akawasha. Mashine ikamuuliza saa. Akainua mkono, akatazama saa yake, akaijibu kama angemjibu yeyote aliyemuuliza njiani. Saa mbili na dakika kumi. Akaandika mbili na kumi.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kikombe chake cha chai. Nikakiweka mezani. Programu ya kujengea ilikuwa na akili moja tu. Hutazama saa yalipoandikwa maandishi na saa ilipojengwa programu. Maandishi yakiwa mapya, hujenga upya. Yakiwa ya zamani, huyaacha. Mashine ya ndani ilikuwa na saa ya Kizungu na betri nzima. Ya sebuleni, kwa mkono wa Mwalimu, ilikuwa nyuma saa sita, na kila kilichoandikwa juu yake baada ya kujenga asubuhi kilifika chumba cha ndani kikionekana kimezeeka, mpaka kihifadhiwe upya kwa tarehe ya kesho yake. Na ile Jumanne, mistari kumi na miwili ya Bismillahi na dua ilipoongezwa juu, maandishi yote yalisogea chini hatua kumi na mbili, lakini programu ilibaki ya asubuhi. Profaila ikatupa asembli ya kweli, na juu yake ikaweka maneno yaliyosogea. Hata onyo haikutupa, kwa sababu kwa saa zake maandishi yalikuwa ya kale na hapakuwa na la kuonya. Nyota za mstari wangu zikaanguka mistari kumi na miwili juu, kwa Kazungu.

"Mwalimu," nikasema, "hiyo saa."

"Ina nini? Saa si hini?" Akanionyesha mkono wake.

Nikamweleza. Nilimweleza mara mbili, nikamchorea. Alikuwa mwalimu wa hesabu, akishika kitu ameshika. Aliigusa saa yake kama mtu aliyeambiwa imeibwa. Kisha akauliza polepole, "Kwa hivyo ule mstari haukuwa wa yule kijana."

"Haukuwa wake."

"Wa nani?"

"Wangu, Mwalimu. Magharibi."

Akanitazama kwa huruma. "Basi, mwanangu. Wewe ungejuaje." Na mimi, baada ya yote hayo, mlango umefunguliwa wazi mbele yangu, nikasema, "Ndiyo, Mwalimu." Akaniambia niende nikamtafute Kazungu, nimwambie amesema arudi kazini. Nilingoja aongeze neno, hata moja, la kumtaka radhi. Akageukia skrini, akauliza jinsi ya kuirekebisha saa.

Nilimkuta sokoni Marikiti, upande wa nyuma ambako malori ya ndizi hushusha, kwa mjomba wake. Alikuwa ameketi juu ya kreti lililopinduliwa, anatenga mbivu na mbichi, na shati lake lilikuwa la rangi ya udongo, si lile jeupe. Tukasalimiana kwa urefu, nyumbani, wazee, afya, kazi, mpaka salamu zikatuishia. Nikampa ujumbe wa Mwalimu. Kisha nikaanza kumweleza habari ya saa na ya ile mistari ya Bismillahi, na hapo uso wake ukabadilika. Aliacha ndizi. Akaokota msumari, akanichorea juu ya ubao wa kreti mashine mbili na saa mbili, akaunganisha kwa mshale, akacheka kicheko ambacho sijapata kukisikia kwake kabla wala baada. "Saa! Kumbe ni saa! Si nilikwambia joto haliwezi kuchagua?" Alipiga goti kwa furaha, mjomba wake akageuka kutazama. Yule mtu alikuwa amepoteza kazi yake kwa jambo lile, na furaha yake ya kwanza ilikuwa kwamba limeeleweka. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyesemwa matangani kwamba kompyuta zilimshinda.

Halafu akaanza kuhesabu mistari kwa kidole, mmoja mmoja, juu ya ubao. Akafika kumi na mbili, akasimama.

"Kwa hivyo zile desimali zilikuwa zako."

"Zangu."

"Na Mwalimu alipokuuliza, ulikuwa hujui?"

Hamali akapita katikati yetu na gunia begani, anaita kando, kando, nikasogea. Ningeweza kusema ndiyo, sikujua. Nilikuwa nimeshalisema mara mbili na lilikuwa limekubaliwa mara zote mbili.

"Nilijua," nikasema.

"Palepale?"

"Palepale, Kazungu. Kabla hujanyoosha kidole."

Aliuweka msumari chini. Hakuonekana kukasirika. Nilitamani akasirike, ningejua la kufanya. Alinitazama kwa makini yaleyale aliyokuwa akiisomea asembli, kisha akasema, "Mwalimu alikosea saa. Wewe hukukosea."

Akachagua kichane cha ndizi mbivu, kizuri kuliko vyote vilivyokuwa pale, akakifunga kwa gazeti, akanipa kwa mikono miwili kama unavyompa mgeni. Akaniambia nimsalimie Mwalimu, akainuka kwenda kushika kamba ya lori lililokuwa linaingia. Nilizibeba ndizi zile mpaka nyumbani, na mama aliponiuliza zimetoka wapi nikamwambia nimenunua.